Sufuria Mbili za Mama Pumba

Mngurumo unatangulia. Kisha mkanda unalia ukishika kasi, na mahindi yanaanza kupiga bati kama mvua ya mawe. Ni asubuhi, na katikati ya vumbi jeupe la mashine ya kusaga amesimama mwanamke ambaye wateja humwita Mama Pumba.

"Nikoboe?" anauliza kila ndoo inapofika.

"Koboa, dada! Tena mara mbili. Mimi si kuku," anajibu mteja, na foleni yote inacheka.

Yeye hacheki. Maganda na viini vinamwagikia upande wa pili, vinazolewa kwenye magunia ya mifugo.

"Chakula tunawapa kuku, sisi tunabeba weupe," anasema. "Hata mimi niliubeba nyumbani miaka yote. Mwenye mashine, unga wake uwe na pumba? Niliona aibu."

Aibu hiyo ilianza kuisha siku mumewe, fundi viatu mwenye kisukari, alipokatwa vidole viwili vya mguu. Daktari alisema dawa asiache, na nafaka ale isiyokobolewa, kwa kiasi, pamoja na maharage na mboga. Sukari isiposhuka, mguu wenyewe uko hatarini.

Mama Pumba akawa anamsagia mahindi na maganda yake. Sukari ikagoma kushuka.

Wiki iliyopita alirudi mapema, akakuta kuku wamejazana mlangoni mwa jikoni wakigombea pumba. Ndani, mumewe amepakata chekeche.

"Baba watoto! Unachekecha mguu wako?"

"Sufuria yenu nyeupe, yangu ya mgonjwa," mume akajibu bila kuinua macho. "Watoto wanaiangalia sahani yangu kama dawa. Kama ni chakula kizuri, mbona wewe huli?"

Ni kweli, Mama Pumba alikuwa akipika sufuria mbili.

Leo mumewe amekuja mashineni kwa magongo, amekaa juu ya gunia. Mama Pumba anainua debe la mahindi ya nyumbani, analipitisha kando ya mashine ya kukoboa, analimimina lote kwenye ya kusaga.

"Dada, umesahau kukoboa!" mteja anapaza sauti.

"Sijasahau."

Anazima mashine. Anamgeukia mumewe.

"Baba watoto, na hawa wote wasikie. Kwangu sufuria ya pili imekufa. Utakachokula wewe ndicho nitakachokula mimi na wanao, mpaka tuzeeke, na mguu wako ukiwepo."