Vitabu Vilivyochemsha Pombe ya Matanga

Moshi wa magunzi ya mahindi una harufu yake, tamu kidogo na yenye kuwasha macho, na kila nikiusikia hasira hunipanda kabla sijakumbuka kitu kingine chochote. Wengine hapa Songea wakizungumzia baridi ya mwezi wa saba hukumbuka mahindi ya kuchoma na masweta ya kurithishana. Mimi nakumbuka jiko letu la nje kule Msamala, enzi ambazo Msamala ilikuwa mashamba na nyumba chache za matofali ya kuchoma. Wanawake wameketi kwenye mikeka wanapukuchua mahindi, ukungu haujaondoka vizuri ingawa jua limeshapanda, na mama yangu yuko katikati yao, kitabu kimefunguliwa mapajani. Nilikuwa darasa la tatu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, askari walikuwa wamerudi na kupokewa kwa ngoma, na baba yangu hakuwa miongoni mwao.

Baba alikuwa mgambo. Aliondoka na vijana wenzake wa mtaani kwenye lori, akanipungia mkono huku anacheka, kama mtu anayekwenda kwenye mechi. Waliorudi walituambia kwamba walimwona mara ya mwisho ng'ambo ya mpaka, siku moja ya mapigano makali, na baada ya hapo hawakumwona tena, si mzima wala si maiti. Hayo ndiyo yote tuliyoambiwa. Mama aliwasikiliza, akawapikia chai, akawashukuru. Tangu siku hiyo mtu akimuuliza habari za mumewe alijibu neno moja tu, kwamba hajarudi. Hakusema amekufa, wala hakusema yu hai. Hajarudi.

Vile vitabu aliachiwa na sista mmoja mzungu, muuguzi, aliyekuwa anarudi kwao kwa sababu ya uzee. Mama alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa masista, na kwa kuwa alisoma shule ya kati aliweza Kiingereza kuliko wanaume wengi wa ukoo wetu, jambo ambalo hawakumsamehe. Alikuja na boksi zima kichwani. Ndani yake riwaya zote zilikuwa za namna moja: vita viko mbali, ng'ambo ya bahari, na hadithi yenyewe iko shambani. Kuna msichana anakamua ng'ombe, kuna kanisa dogo la mawe, kuna mchumba aliyekwenda vitani. Watu wanaoka keki bila sukari, wanakaa kimya redio inapotoa habari, wanapeleka mboga kwa jirani aliyefiwa. Bomu likianguka, linaangukia ukurasa mmoja tu, kisha kuku wanarudi kudonoa.

Mama alisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kutoa kwa Kiswahili, akichomeka Kingoni pale Kiswahili kilipompa shida. Msichana wa kitabu alichopenda kuliko vyote alikuwa na jina refu lisilotamkika, mama akambatiza Ana. Ana alipopanga foleni dukani, mikono yote kwenye mikeka ilisimama, maana siku zile sisi wenyewe tulikuwa tunaamkia foleni za sukari na sabuni.

"Kumbe wazungu nao walipanga foleni?" aliuliza mama Generosa, jirani yetu wa karibu.

"Walipanga. Kwa kadi," mama alisema. "Hata mayai waligawiwa kwa kadi."

Bi Zuhura, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia mjini kutoka Nakapanya, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Subhanallah. Basi ni watu kama sisi. Endelea, mama Imelda, huyo Ana kapata hiyo sabuni au hakupata?"

Mimi nilivichukia vitabu hivyo. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua vinadanganya. Vita gani ambavyo mtu anarudi na bandeji mkononi tu, anavuka daraja, anamkuta mchumba wake anachuma matunda? Mjomba wa rafiki yangu alirudi bila mguu na alikuwa akipiga kelele mchana kweupe. Nilikaa pembeni nikipukuchua mahindi yangu kwa nguvu hadi vidole vikatoka malengelenge, nikimkasirikia Ana kwa furaha yake. Nilichoshindwa kuona wakati ule ni jambo ambalo wanawake wale waliliona tangu kitabu cha kwanza. Katika kijiji cha Ana, mwanamke akimsubiri mtu wake, kijiji kizima kilikuwa kinasubiri pamoja naye. Mchungaji alimsalimia kwa upole. Mwenye duka alimwekea sukari kidogo. Hakuna aliyemwambia amesubiri vya kutosha.

Kwetu walimwambia. Kaka yake baba, Baba Mkubwa Damasi, alikuja asubuhi moja ya baridi akiwa amevaa koti la baba yangu, koti aliloliazima wakati baba anaondoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaketi kwenye kigoda.

"Shemeji, mwaka umekatika," alisema. "Ndugu yetu amekufa. Tuweke matanga, unyolewe nywele kama desturi ilivyo, halafu ukoo ujue utakaa kwa nani."

"Nani ameuona mwili wake?" mama aliuliza.

"Ukitaka mwili, nenda kautafute Uganda."

Alisema hivyo mbele yangu, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai tuliyompa. Kila mtu mtaani alijua kwamba kusudi lake lilikuwa shamba letu la mahindi lililoteremka hadi mtoni, na mama mwenyewe pia, kama kifaa kinachouzwa pamoja na nyumba. Mama alimjibu taratibu kwamba yeye bado ni mke wa mtu. Baba Mkubwa akacheka. Akasema mwanamke huyu ameharibiwa na vitabu vya wazungu, anadhani mume wake atatokea barabarani na maua.

Siku waliyopanga kupika pombe ya matanga, mama alikuwa misheni anafua nami nilikuwa shule. Niliporudi nilikuta pipa jekundu kwa moto limeinjikwa nyuma ya nyumba, baba wadogo na mashangazi wa ukoo wamelizunguka, na Baba Mkubwa amechutama ameshika jalada nililolifahamu, lenye picha ya zizi na mti uliochanua. Alilichana katikati, akasukuma vipande chini ya pipa. Boksi lilikuwa tupu pembeni yake. "Vinawaka vizuri kuliko kuni," alimwambia mtu. Watu wakacheka. Nilitaka kumrukia. Miguu ilikataa, na hata leo, nikiwa mwanamke mwenye wajukuu, nalaani miguu yangu. Mama alipofika alisimama akatazama majivu, akaingia ndani, akabadilisha nguo za kazi. Hakulia. Nadhani wangefurahi kumwona analia.

Matanga yalifanyika bila mwili, bila kaburi na bila mjane. Mkeka ulitandikwa uani, shangazi mwenye wembe akakaa tayari, wanaukoo wakajaa. Mama alikwenda jikoni, akavuta gunia la mahindi, akaanza kupukuchua. Wazee wakaitwa, wakamwita, hakutoka. Nilikaa karibu naye nikisikia minong'ono huko nje ikigeuka kuwa matusi. Ndipo Bi Zuhura, aliyekuja kuhani kama jirani, aliinuka mbele ya watu wote, akaingia jikoni, akaketi mahali pake pa siku zote na kuchukua hindi.

"Tuliishia wapi, mama Imelda?"

"Vitabu vimeungua, dada."

"Vitabu ndiyo. Ana naye kaungua?"

 Mama Generosa akaingia, kisha mwingine, kisha wengine wawili wa jumuiya ya kanisani, wakiacha mikeka ya matanga nyuma yao. Jiko likajaa. Mama akaanza kusimulia kwa kichwa: Ana alikuwa amesimama kwenye lango la shamba, mvua inanyesha, tarishi anapita bila kusimama. Aliendelea hadi mahali ambapo kijana alipaswa kurudi, na hapo hakumrudisha. Alisema Ana aliingia ndani, akawasha moto, na majirani wakaja kukaa naye. Hadithi ikaishia hapo. Hakuna mwanamke aliyeuliza kilichofuata.

Baba Mkubwa alitokea mlangoni amelewa pombe yake. "Wewe mwanamke," alisema, "watu wanakula matanga ya mumeo na wewe unasimulia hadithi?"

"Kaleni, shemeji," mama alisema, mikono yake haikuacha kazi. "Mimi sijafiwa bado."

Hawakumnyoa. Lakini sitaki mtu adhani tulishinda. Kabla ya mvua za kupandia walikuwa wamegawana shamba, wamechukua baiskeli ya baba na mabati aliyokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba mpya, na sisi tukahamia chumba kimoja nyumbani kwa Bi Zuhura, ambako mama aliendelea kufua nguo za watu mpaka mgongo ukapinda. Baba hakurudi. Baba Mkubwa alikufa mzee, kitandani kwake, akazikwa kwa heshima, na padri akamsifu kwa kuutunza ukoo. Nilikuwepo. Niliondoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho.

Leo hilo shamba ni nyumba za kupanga na duka la vipuri vya pikipiki. Mji wetu unajua kukumbuka vita. Tuna makumbusho na sanamu za wanaume walionyongwa na Wajerumani, na ni haki yao. Sijaona sanamu ya mwanamke anayesubiri. Siku hizi mjane anaweza kwenda mahakamani, na nimewasindikiza wawili, lakini maneno ya wanaume kwenye matanga ni yaleyale, neno kwa neno. Shuleni ninakofundisha, mwalimu mmoja kijana aliona mezani kwangu riwaya ya namna ile, niliyoinunua kwenye mitumba, akaniuliza kwa kejeli ni vita gani hivyo vya kupika keki. Nilimjibu vibaya, na sikuomba radhi. Riwaya ile ni ya mama, ambaye sasa haoni vizuri, na mimi humsomea jioni anapoota jua. Majuzi, nikiwa katikati ya sura, nilimuuliza swali nililolibeba maisha yangu yote: je, kweli aliamini kwamba baba angerudi?

"Nilijua amekufa tangu siku ile wenzake walipokuja kunywa chai," alisema. "Nilitaka tu nimlilie siku nitakayochagua mimi."

Nikamuuliza kama aliipata siku hiyo. Alitikisa kichwa kwamba hapana, akaniambia nisome.