Namba 47 Chini ya Rangi

Saa moja asubuhi, Drahomíra Vaculíková anaingiza ufunguo kwenye kufuli la ghala la chama cha wapenzi wa magari ya kale ya vita, na ufunguo unagoma. Anauchomoa, anaufuta kwenye ovaroli, anaurudisha. Kisha anainama na kulitazama kufuli lenyewe kwa jicho lile lile analokagulia vyuma.

"Jipya," anasema. "La jana au juzi. Hata grisi ya dukani bado iko juu."

Ndani ya ghala hilo, kwenye uwanda wa Haná nchini Cheki, limo gari lake dogo la deraya la magurudumu manne, la Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili. Amelijenga upya kwa miaka kumi na mmoja. Bamba la kwanza alilikuta kwa jirani, likiwa mlango wa banda la nguruwe. Alimpa jirani mlango mpya wa mbao za mwaloni, naye akaondoka na chuma chake kwenye toroli.

Drahomíra ana miaka sitini na mitatu na ni mchomeleaji. Pensheni yake ni koruna elfu kumi na saba kwa mwezi, na sehemu yake huishia kwenye mitungi ya gesi. Siku nyingine huunga matela ya wakulima na mageti ya watu, ndipo anaporudi kwenye deraya lake.

Kijijini wapo wasiomwelewa. Mwenye duka la mikate amewahi kumuuliza mbele ya foleni: "Mama, mtu anayependa magari ya Wajerumani wale, moyoni ana nini?"

"Bibi yangu alijificha siku tatu kwenye shimo la viazi wakati magari hayo yanapita hapo barabarani," Drahomíra akamjibu. "Waliokuwa ndani yake sina haja nao. Mimi nataka kujua chuma kiliungwaje. Naomba mikate minne."

Kilichomfungia mlango si deraya lake, bali gari jingine lililo humo humo: kubwa, magurudumu mbele na minyororo nyuma, kama lile lililokuwa likibeba askari wa Kijerumani. Chama kililinunua majira ya kuchipua kutoka kwa mfanyabiashara wa mbali. Jumamosi hii litaonyeshwa kwa mara ya kwanza, na kibao kimeshaandikwa: *Gari halisi, 1944.*

Lakini chama kina desturi yake. Hakuna gari linaloitwa halisi mpaka mchomeleaji asome mishono yake, pale vyuma vilipoungwa, na kutia sahihi. Kwa miaka minane mchomeleaji huyo amekuwa Drahomíra.

Jumanne ya wiki iliyopita aliingia ghalani peke yake na kukwangua rangi kwenye ukingo wa juu. Ikatoka ya mchanga, ile ya Wajerumani. Chini yake ikatoka kijani.

"Hapo nikanusa jambo," anasema. "Kijani kile ni cha jeshi letu, la baada ya vita. Gari la Mjerumani linavaaje koti letu kabla ya kuvaa lake?"

Jibu analijua kila mpenzi wa magari haya. Vita vilipokwisha, viwanda vya Chekoslovakia viliendelea na umbo lile lile, vikaliwekea paa na injini ya dizeli. Askari waliosafiri ndani yake waliliita kisasi cha Hitla, kwa jinsi lilivyowatesa. Jeshi lilipoyatupa magari hayo, watu wa filamu waliyanunua na kuyakata paa ili yafanane na ya Wajerumani.

Akaendelea kukwangua. Mshono wa ukingo ulilalia upande usio wa kawaida, kama wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Drahomíra anatumia mkono wa kushoto. Mwishoni mwa mshono palikuwa na muhuri mdogo uliogongwa kwenye chuma, ule ambao kila mchomeleaji wa karakana hupewa ili kazi yake ijulikane. Namba 47.

"Namba yangu," anasema. "Paa hilo nililikata mimi nikiwa karakanani, mwaka tisini na nne."

Alipowaambia wanachama, kikao kilivurugika. Mwenyekiti, Oldřich Šebesta, daktari wa ng'ombe mstaafu, alimsogezea karatasi.

"Mama Draha, tia sahihi twende tukanywe bia."

"Siwezi."

"Kalamu nzito?"

"Kalamu nyepesi, Daktari. Uongo ndio mzito."

Siku iliyofuata neno likazunguka kwamba muhuri ule ameugonga mwenyewe juzi juzi. Muhuri anao nyumbani, ufunguo wa ghala alikuwa nao, na rangi ilishakwanguliwa. Nani angethibitisha ilichofunika?

"Kosa langu ni hilo moja," anakiri. "Nilikwangua bila shahidi. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja halifanyi."

Sasa, mbele ya mlango uliofungwa, linasimama gari la mwenyekiti. Anashuka, ufunguo mpya ukining'inia kidoleni. Nyuma yake yuko Ctibor, dereva wa basi na mwanachama wa muda mrefu, akitazama viatu vyake.

"Umeamka mapema, Mama Draha."

"Na wewe umebadilisha kufuli mapema."

"Ni usalama tu. Siku hizi watu wanagonga mihuri ovyo."

Drahomíra anatoa kikwangulio mfukoni na kumnyooshea Ctibor.

"Ukingo wa kulia haujaguswa. Karakana yetu iligonga muhuri kila upande. Kwangua wewe, mwenyekiti atazame. Pasipokuwa na 47, nitatia sahihi hapa hapa, na deraya langu mlichukue."

Ctibor ananyoosha mkono.

"Acha," mwenyekiti anasema. "Hatuharibu rangi siku mbili kabla ya maonyesho."

"Ni sehemu ndogo kama kucha, Daktari," Ctibor anasema.

"Nimesema acha!"

Ctibor anaurudisha mkono, lakini sasa hatazami viatu. Anamtazama mwenyekiti.

"Uliambiwa nini na aliyekuuzia?" Drahomíra anauliza taratibu.

Mwenyekiti anafungua mlango nusu, kiasi cha kuonekana pua ya deraya dogo, bamba la banda la nguruwe likiwa ubavuni, limeng'arishwa.

"Basi, kama ni namba yako, aliyelighushi gari lile kubwa ni wewe, kwa mkono wako," anasema. "Umekiaibisha chama. Waombe wanachama radhi jioni hii, kisha ufunguo wako huu hapa, na gari lako utoke nalo."

"Niliwakatia watu wa filamu. Walijua, nilijua, hata mbwa wa karakana alijua. Lilikuwa gari letu lenye paa lililokatwa. Hilo la kibao si mimi niliyeliandika."

"Neno moja tu, Mama Draha. Samahani. Linakugharimu nini?"

Drahomíra analitazama deraya lake. Anataka kuliendesha barabarani mwakani, anasema, apite nalo mbele ya shimo la viazi la bibi yake, juu likiwa limeandikwa wazi kipande gani ni cha zamani na kipi amekitengeneza yeye. Mpango huo haujabadilika. Anarudisha kikwangulio mfukoni.

"Jumamosi nitasimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji," anamwambia mwenyekiti. "Atakayeniuliza nitamjibu. Radhi siombi."