Mchikichi Uliohamia kwa Jirani

Tetemeko lilipopita, ukingo wa mto Murembwe uliporomoka, na mchikichi wa mzee Yusufu ukateleza hatua nne ukasimama wima kiwanjani kwa jirani yake, mama Samy. Ndio mti uliomsomesha Nadia na watoto wengine wa mzee kwa mawese. Zamani majirani wangekaa chini wakaelewana. Siku hizi mama Samy alikuja na mita ya kupimia mpaka.

"Kilicho kwangu ni changu, baba Nadia."

Mzee Yusufu akachungulia nyuma ya mti.

"Haya, mama Samy. Basi na choo changu ni chako. Kimekuja pamoja nao, na kimejaa."

Mama Samy akakunja mita. "Mti ni wako, mzee wangu. Lakini hicho kitoke kabla ya mvua!"