Tuliunda kichwa cha treni kwa lori bovu hapa Morogoro, kikagoma kwenda mbele

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Hii siyo chai. Ninachosimulia nimekichomelea kwa mkono wangu mwenyewe, na alama za cheche ninazo mpaka shingoni. Bado nina mzuka, hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni mwanamke, fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti, Kihonda hapa Morogoro. Jina la kiwanda mtanisamehe, kazi yangu bado naipenda.

Sasa, kiwanda chetu kina kipande cha reli kinachotoka ghalani hadi njia kuu ya treni ya zamani, ile ya dizeli, siyo hii ya umeme. Kama mita mia tatu hivi. Kila Ijumaa treni ya mizigo inapita kuchukua behewa letu la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, lakini haiingii ndani. Lazima tulifikishe wenyewe pale makutano, na njiani kuna kamlima.

Tunalifikishaje? Kwa mabega, wakuu. Wanaume ishirini na mitaimbo.

Mmoja wao ni mume wangu, Baba Zuhura. Mwezi wa pili behewa liliwashinda likarudi nyuma, mwenzao mmoja akapondeka mguu. Baba Zuhura alikuwa hatua moja tu kutoka pale. Niliona kwa macho yangu, nimesimama mlangoni mwa karakana. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nilisimama pale mlangoni mpaka behewa lifike.

Ndipo nikamwendea bosi. Nikamwambia kuna lile lori bovu nyuma ya ghala: injini nzima, giaboksi nzima, difu nzima. Nipe na magurudumu ya lile behewa kuukuu lililokatwa zamani, nikuundie kichwa cha treni.

Bosi alicheka mpaka akavua miwani.

"Sawa," akasema. "Ila nakupa Ijumaa moja tu. Kikishindwa, unakikata mwenyewe kiwe chuma chakavu, na wanaume wanaendelea kusukuma."

Hapo kwenye "wanaendelea kusukuma" ndipo paliponishika.

Tulikesha? Hapana, msinipambe. Tulikuwa tunafanya kila siku tukitoka kazini, wiki sita, mimi na Babu Mkude, dereva wa kiwanda. Huyu mzee ni Mluguru wa Mgeta. Kabla ya kuja kwetu alikuwa anashusha malori ya kabichi na karoti kutoka kule milimani. Wanaoijua ile barabara wameshanielewa ni mtu wa namna gani.

Muonekano wa kitu chenyewe msiulize. Kabini ya lori, chesisi tuliyoiunga kwa vipande vya reli, magurudumu ya behewa, na mbele bampa la magogo. Kibaya kama ngiri. Lakini siku injini ilipowaka nilipiga vigelegele peke yangu karakana nzima.

Ijumaa ikafika.

Saa nane mchana, watu wametoka swala ya Ijumaa, behewa limejaa, treni tunaitegemea saa tisa na nusu. Tukakiweka kwenye reli, uso unatazama behewa. Kiwanda kizima kiko nje. Babu Mkude akapanda, akatia gia namba moja, akaachia klachi.

Wakuu, kikaenda nyuma!

Kiliruka nyuma kikavunja mlango wa ghala, na kiti cha plastiki cha bosi kikawa chapati. Bahati mwenye kiti alikuwa amesimama.

Akajaribu namba mbili: nyuma. Namba tatu: nyuma, tena kwa kasi zaidi.

Kosa lilikuwa langu, asilaumiwe mtu. Wakati wa kuchomelea tuliigeuza chesisi juu chini ili nisifanye kazi nimelala chali. Nikafunga difu, ile inayopokea nguvu ya giaboksi na kuzungusha magurudumu, vile nilivyozoea kuiona kwenye lori, nikasahau kuwa baadaye chesisi yote itageuzwa. Tulipoigeuza, difu ikawa kichwa chini miguu juu, na difu ikikaa hivyo magurudumu yanazunguka kinyume. Kwa hiyo nilikuwa nimeunda kichwa cha treni chenye gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Watu walicheka hadi wakashikana. Jina wakakipa palepale: Kinyumenyume.

Bosi hakucheka. "Kikate," akasema, akaingia ofisini.

Baba Zuhura alichukua mtaimbo wake akaelekea kwenye behewa na wenzake. Na mimi nikachukua grenda ya kukatia chuma. Nilikuwa nalia, siwafichi.

Babu Mkude akanishika mkono.

"Mwanangu, hebu subiri. Hiyo gia moja ya kwenda mbele ni ipi?"

"Ni rivasi, Babu."

"Sasa unakata nini? Kule Mgeta lori likishindwa mlima kwa namba moja, tunaligeuza, linapanda kwa rivasi. Hakuna gia yenye nguvu kama ile. Wewe umeiweka mbele, halafu unalia!"

Nikaweka grenda chini. Mzigo wetu unakwenda upande mmoja tu, kwenye makutano, na unataka nguvu, hautaki mbio. Kurudi tunarudi watupu, gia yoyote inatosha. Yaani nilikosea, na kosa likaangukia pale pale panapotakiwa!

Babu akapanda tena, akatia rivasi. Kinyumenyume kikagusa behewa, kikanguruma, magurudumu yakaanza kuteleza juu ya reli.

"Uzito!" Babu anapiga kelele dirishani. "Pandeni huku! Mnasubiri kadi ya mwaliko?"

Wakapanda wasukumaji, wakapanda wa ghalani, akapanda na mama wa kantini na mwiko wake. Mimi nikawa nakimbia mbele namwaga mchanga kwenye reli kwa sufuria. (Wa usalama kazini, najua. Mtanisema baadaye.)

Behewa likasogea.

Likasogea tena. Likapanda kale kamlima kote bila kusimama, wakuu, bila kusimama!

Kati ya wasukumaji, Baba Zuhura ndiye pekee ambaye hakupanda. Alikuwa anatembea pembeni ya behewa. Mara mikono aitie mfukoni, mara aishike kiunoni, mara aifunge mgongoni. Miaka tisa ya Ijumaa mikono ile ilikuwa na kazi moja, sasa haijui ikae wapi. Tulipofika makutano, treni bado haijaja, akakaa chini kwenye kokoto, akalia mbele ya watu wote.

Bosi alikuja, akalitazama behewa, akanitazama mimi. "Mlango wa ghala utauchomelea lini?" Ndiyo pongezi yake hiyo.

Mtauliza kuhusu wasukumaji. Wamehamishiwa kwenye upakiaji, na Baba Zuhura ndiye anayeshika bendera mbele ya Kinyumenyume.

Nilichojifunza: ukikosea, usishike grenda ukiwa na hasira. Kwanza mwonyeshe kosa lako mtu aliyeteseka na kazi kama hiyo kabla yako.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye ujuzi wa breki njooni haraka, maana zetu kwa sasa ni breki ya mkono na dua. Wa kunicheka kuhusu difu nao ruksa.

Baba Zuhura amekaa hapa pembeni anachungulia simu. Anasema niandike kwamba hakulia, lilikuwa vumbi la mashudu.

Haya, nimeandika.