Brashi ya Baba Iliyoandika Namba za Nyumba

Sitaki kusikia mtu akisema "ni brashi tu." Katibu wa kijiji chetu aliniambia hivyo uso kwa uso, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ilikuwa brashi ya baba ya kunyolea ndevu. Aliinunua alipokuwa mpishi mgodini, kabla sijazaliwa, na wakati ninaousimulia mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wawili. Hesabu mwenyewe. Manyoya ya nguruwe, mpini wa pembe, na bado ilikuwa imejaa vizuri. Unadhani ni bahati? Thubutu! Baba alikuwa na masharti yake juu ya brashi ile, na mkono wake wa kulia ulipopooza alinikabidhi kazi pamoja na masharti yote.

Kila Jumapili kabla ya kanisa nilimkalisha uani kwenye kigoda. Brashi ilitangulia kulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi manyoya yalainike. Uvuguvugu, si ya moto, maana maji ya moto hulegeza gundi iliyoshika manyoya. Unaikung'uta, unaizungusha juu ya kipande cha sabuni ya mche, kisha ndani ya kikombe cha bati, tone la maji, unazungusha tena, mpaka povu liwe zito kama maziwa mgando. Mashavuni unaipitisha kwa kuizungusha ili ndevu zisimame. "Usikandamize, mura," baba alinionya, akiniita kijana kwa kilugha chetu. "Unanyoa mtu, husugui sufuria." Ukimaliza unaisuuza, unaikamua kwa vidole bila kuisokota, unaitundika manyoya yakiangalia chini, kivulini, mbali na moshi wa jikoni.

Hayakuwa madoido. Ndevu za baba zilikuwa ngumu, zikijikunja na kurudi ndani ya ngozi. Bila povu zito, wembe ulimtoa damu. Na sabuni yenyewe miaka ile ya vijiji vya ujamaa, uipate wapi? Kwa brashi, kipande cha kidole gumba kilitufikisha mbali.

Tena hapo kwenye kigoda ndipo baba alipozungumza. Siku nyingine maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Lakini akishapakwa povu alinisimulia habari za marehemu mama, za mgodini, za boma letu la zamani tulilohamishwa tukaletwa huku kupangwa kwenye mistari. Nilikuwa nanyoa polepole makusudi.

Basi ikatangazwa kwamba mgeni anakuja kutoka wilayani Mugumu, na kila nyumba iandikwe namba kwa chokaa. Nikiwa darasani, katibu akamkuta baba peke yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba ile brashi yako, kuna mgeni."

Baba akadhani mwenzake anataka kunyoa apokee mgeni akiwa nadhifu. Mwanamume hamnyimi mwenzake kitu kama hicho. Akampa, na juu yake akamfundisha namna ya kuiloweka, akamsisitizia asiichemshe. Katibu akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Akaandikia namba kijiji kizima! Chokaa ilipokauka kwenye manyoya akaichemsha kwenye sufuria, kisha akaianika kwenye jiwe la jiko. Jioni akaniletea mpini na manyoya machache yaliyosimama kama miiba. Nilipoyagusa yakabaki mkononi.

"Ni brashi tu, mwalimu," akasema. "Kitu cha mmoja kimefaa wote. Ndiyo ujamaa huo."

"Ujamaa ni kwa brashi ya baba yangu tu? Mbona redio yako haijawahi kulala kwetu?"

Akacheka! Akanipiga bega, akaenda zake.

Nilitafuta nyingine Mugumu, nikapanda basi mpaka Tarime. Rafu tupu. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama natania. Zamani tungeagiza Kenya, lakini mpaka ulikuwa umefungwa.

Jumapili nikajaribu kwa kiganja. Povu likawa jepesi, likakauka kabla sijashika wembe. Nikamkata shavuni, nikamkata chini ya kidevu, damu ikachuruzika hadi kwenye kola ya shati lake la kanisani. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Basi, mura. Ziache ziote."

Zikaota. Baba aliyekaa benchi la mbele kanisani miaka yote akahamia nyuma, karibu na mlango. Nilimwomba akae uani tuzungumze tu, bila kunyoa. Alikaa, tukatazama kuku, tukaishiwa maneno. Nilikuwa na hasira, na aibu pia, maana sikujua namna nyingine ya kumfungua mdomo baba yangu.

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Kwenye mazishi katibu alisimama kutoa salamu za kijiji. Akakohoa, akasema tumempoteza mzee wa hekima, kwamba hata zile ndevu nyeupe alizozifuga zilimtosha mtu kujua alikuwa nani.

Nikainuka. Wajomba walinivuta shati nikae. Sikukaa.

"Ndevu hizo ni zako, katibu," nikamwambia mbele ya watu wote. "Baba yangu hakuwahi kufuga ndevu."