Mfalme Asiye na Mzigo

Habari ilinifikia wiki iliyopita nikiwa shambani Tlawi: mfanyabiashara wa maharage wa Katesh, rafiki yangu wa miaka mingi, amefariki, na mazishi ni alasiri ile ile. Nilipofika makaburini nilikuta watu wakifuta machozi na kucheka kwa zamu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ule ufalme wa mbilikimo ambao marehemu aliubuni na kuuweka chini ya Mlima Hanang. Mimi si mpenzi wa hadithi za kubuni, na wasomaji wangu wanalijua hilo. Lakini ufalme ule ulikuwa na sheria. Malango yake yalimfikia mtu kiunoni, ili kila aingiaye ainame. Chumvi iliingilia mashariki, majembe yakatokea magharibi. Barabara zake za chini kwa chini zilitosha mtu mmoja tu. Wawili wakikutana, mwenye mzigo mwepesi ndiye aliyerudi nyuma. Mfalme, ambaye hakubeba kitu, alirudi nyuma maisha yake yote, wala hakuwahi kufika sokoni.

Mwaka jana nilinunua nguzo na seng'enge ili nifunge njia inayokatiza shamba nililorithi kwa baba. Jirani yangu, mama mjane anayeuza maharage, angelazimika kulizunguka bonde zima ndipo afike barabarani. Nilimwita rafiki yangu aje ashuhudie mipaka. Tukiwa tunapima, mama yule akatokea na gunia kichwani, nami nimesimama katikati ya njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Napita, au ndiyo tayari pamefungwa?"

Kabla sijajibu, rafiki yangu akapaza sauti nyuma yangu: "Mfalme, rudi nyuma! Umebeba nini wewe?"

"Nimebeba hati ya shamba."

"Ina kilo ngapi?"

Mama alicheka hadi akalishika gunia kwa mikono miwili. Nikarudi nyuma, nikaingia kwenye maharage yangu mwenyewe.

Siku ile sikufunga njia, ila kwa kiburi sikutamka pia kwamba nimeghairi. Nguzo zililala kando ya njia mwaka mzima, na mama yule akazipita kila siku ya mnada bila kujua kama kesho njia itafungwa. Hili si kosa langu peke yangu. Siku hizi kila mtu anachora mipaka kwa bidii, na wanaoamua njia ipite wapi mara nyingi ni wale ambao hawajabeba chochote juu yake. Njia ipimwe kwa mabega ya wanaoitumia; rafiki yangu alilijua hilo, akanifundisha kwa mzaha kile ambacho vitabu vyangu vyote havikunifundisha.

Kesho yake baada ya mazishi nilianza kuzihamisha nguzo zile, moja moja, nikizilaza juu ya korongo linaloikata njia ile ziwe daraja. Nikiwa na ya mwisho begani, nilikutana na mama yule akirudi mnadani na gunia tupu. Aliitazama nguzo, akalitazama daraja, kisha akakanyaga pembeni.

"Pita, mfalme," alisema. "Leo una mzigo."