Gunia Walilomvika Baba Yangu

Nakumbuka kwanza harufu ya petroli ya jenereta ya lile gari la sinema, halafu kicheko. Kijiji chetu kizima cha Didia tulikuwa tumekaa chini uwanjani, giza ndiyo linaingia, na kwenye kitambaa cheupe baba yangu, Mabula, amelala kifudifudi ndani ya gunia, anakunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Mtu akamgeukia baba, akapaza sauti, "Ngosha, mwanamume wewe! Umewabakizia ng'ombe?" Watu wakacheka mpaka wakalala. Na baba mwenyewe alikuwa kando yangu, na shati lake la kaki lililopigwa pasi.

Hakuwa mtu wa kuchekwa huyo. Alikuwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji. Akipiga ngoma alfajiri, vijana walitoka na majembe kwenda kumlimia mjane au mgonjwa, na aliyebaki kitandani alitozwa mbuzi. Mvua za mwaka ule zilipoanza wakaja Haldeni, Mzungu wa kupiga picha za sinema, na mkalimani wake Elia, Msukuma mwenzetu aliyevaa soksi ndefu kama bwana wake. Asubuhi nzima walipiga picha vijana wakilima kwa mstari, ngoma inalia, baba yuko mbele. Mchana wakamtaka avue shati, avae gunia, alale lamboni. Akakataa.

"Aa, kaka Mabula," Elia akambembeleza, "hicho ni kipande kidogo tu. Si wewe ndiye mkubwa wa kazi yote? Utaonekana mpaka Mwanza!"

Baba alidhani picha husimulia kama mtu anavyosimulia safari yake, yote, toka kuondoka mpaka kufika. Akalala lamboni.

Usiku ule uwanjani, ile ya kulima hatukuiona hata kidogo. Baada ya baba alitokea mtu wa kanzu nyeupe anachemsha maji, basi. Filamu ilipokwisha Haldeni akataka kujua imetuingia vipi, maana ndiyo kazi iliyomleta: kupima picha zinamfanya nini Mwafrika. Elia akauliza, "Yule wa lamboni ni mwerevu au mjinga?" "Mjinga!" wakaitikia wote. Baba akasimama. "Mnanijua. Lini mmeniona nakunywa na ng'ombe?" Haldeni akauliza anasema nini. Elia, alivyojisifu mwenyewe baadaye dukani, alimjibu kwamba anashukuru kwa mafunzo. Mzungu akatabasamu. Ndiyo elimu yao hiyo! Mvike mtu gunia, mwoneshe kwa wenzake, kisha waulize wenzake kama wameelewa.

Kabla ya palizi vijana walikwisha kuchagua nsumba ntale mwingine. Baba akaenda Geita kuchimba dhahabu, asikojulikana, na lile gari likamfuata huko na filamu ileile. Wachimbaji wakamwita Lambo mpaka siku mwamba ulipomwangukia.

Sasa nina mvi, na nchi ina bendera yake. Juzi alikuja kijana wa chuo kikuu, shikamoo nyingi, kuniuliza kama sinema hubadili tabia ya mtazamaji. Mimi niliishia darasa la pili, lakini nilimwuliza: na aliyepigwa picha, yeye mmempima? Akaliandika swali langu kwenye daftari lake. Haldeni alirudi kwao. Elia yuko Isaka, ana nyumba ya bati karibu na stesheni, anaitwa mzee na anaitikia marahaba.

Elia, njoo Didia mchana kweupe. Simama mbele ya wajukuu wa Mabula uwaambie nani alimvika babu yao gunia, na kwa nini. Usitume mtu. Njoo wewe.